Bibi wa Ghorofa ya Tatu Hana Upande

Jumapili, 3 Mei

Kiti cha Mjomba kitupu tena. Mama alimwekea sahani hata hivyo, akaifunika kwa sahani nyingine. Baba akawa anaitazama kama anavyotazama saa iliyosimama. Tukala. Mwanga wa mchana ukatembea juu ya meza polepole, ukapanda juu ya sahani ya Mjomba, ukashuka upande wa pili, ukaendelea na safari yake.

Niandike chanzo, ili hata nikizeeka nielewe. Baba ni fundi saa. Mjomba, kaka yake Mama, ni muuguzi katika hospitali ya serikali. Wote wawili ni wanachama wa Jukwaa la Wazi, mahali pa mtandaoni ambapo watu wa mji wetu hujadili kila kitu, kuanzia mabomba yaliyopasuka hadi mwisho wa dunia. Baba anajiita Mshale Mrefu. Mjomba anajiita Bendeji. Jumapili moja, chakula kikiwa katikati, Baba akasema Jukwaa limejaa watu wa mrengo wa kushoto, wanaotaka kila kitu kiwe cha bure na mlipaji asijulikane. Mjomba akacheka. Akasema shemeji, labda unaisoma hiyo simu ukiwa umeigeuza kichwa chini, maana lile ni pango la mrengo wa kulia, vibaraka wa matajiri watupu. Baba akamjibu kwamba anayelala kwenye mshahara wa serikali hawezi kuona kitanda kimeinamia wapi. Mjomba akaweka kijiko chini. Akamshukuru Mama kwa chakula. Akaondoka. Hajarudi.

Leo Mama aliniambia jambo jingine, pini zikiwa mdomoni (yeye ni mshonaji, habari zote nzito huzisema na pini mdomoni). Mjomba amepata uhamisho. Mwisho wa mwezi huu anahamia mji wa mbali. Mama akasema kaka yake akiondoka na kinyongo hiki, tutakuwa tunaonana misibani tu. Kisha akakanyaga cherehani ili nisimwone uso.

Nimelala chali sakafuni, juu ya mabaki ya vitambaa, nikafikiri. Dawa yake ni rahisi. Swali ni moja tu: Jukwaa limeegemea kushoto au kulia? Likijibiwa kisayansi, aliyekosea ataomba radhi, aliyepatia atasamehe, na Jumapili zetu zitarudi. Ajabu kwamba hakuna mtu mzima aliyelifikiria hili.

Jumatatu, 4 Mei

Nilimfuata Mwalimu wa Uraia baada ya kipindi. Ni mtu mpole, ana chaki hadi kwenye nyusi. Akanieleza tena, taratibu. Mrengo wa kushoto hutaka serikali igawe, ipunguze pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho. Mrengo wa kulia hutaka mtu aachwe na mali yake, na mambo yaliyozoeleka yasivurugwe. Akaongeza kwamba wengi wetu tuko huku kidogo na kule kidogo, inategemea siku tumeamkaje. Hiyo ya mwisho sikuinakili. Ilikuwa inavuruga mpangilio.

Mpango umekamilika. Nimefungua akaunti mbili kwenye simu ya Mama. Mmoja anaitwa Mgawaji. Mwingine anaitwa Mwenye Mali. Mada nimeipata tayari, maana mji mzima unaizungumzia: halmashauri inataka kumkodisha mwekezaji bustani ya manispaa, aweke geti na kiingilio. Mgawaji ameandika kwamba bustani ni ya wote, ibaki bure, matajiri waongezewe kodi. Mwenye Mali ameandika kwamba kitu cha bure hakina mwenyewe, apewe mwekezaji. Nimehakikisha mabandiko yote mawili yana urefu uleule na adabu ileile. Yote yameanza kwa shikamooni. Sasa ni kusubiri vidole gumba. Atakayenyanyuliwa vidole vingi zaidi, huko ndiko Jukwaa lilikoegemea.

Nilikaa dirishani nikiliwaza Jukwaa. Mimi hulifikiria kama nyumba kubwa isiyo na kuta. Watu wamekaa humo, wengine wamegeuziana migongo, na kila anayesema huwaka kidogo kama taa, kisha hufifia. Nilitamani kutembea katikati yao kwa miguu mitupu, nisikie sakafu imeinamia wapi.

Jumatano, 6 Mei

Matokeo. Nimeyahakiki, nikayahakiki tena. Mgawaji na Mwenye Mali wamepata vidole gumba sawasawa kabisa. Si idadi tu. Watu ni walewale. Mshale Mrefu amewanyanyulia wote wawili. Bendeji vilevile.

Kwa hiyo Jukwaa liko katikati. Katikati kamili, kama maji kwenye bilauri. Nilitoka nje, nikatazama shuka za jirani zikijaa upepo kwenye kamba, zote zikielekea upande mmoja, kisha zikatulia. Nikaona dunia ina mizani. Nilikaribia kulia.

Nilimwambia Baba dukani kwake. Alikuwa na lenzi jichoni na tumbo la saa ya mkononi limefunguka mbele yake. Akasema huo ni upuuzi, binti yangu, na nisipeperushe vumbi karibu na springi. Nikampigia Mjomba. Akasema huo ni upuuzi, mpwa wangu, na kwamba ana wagonjwa wa kugeuza. Wametumia neno lilelile. Nimeliona hilo kama dalili njema.

Ijumaa, 8 Mei

Aibu.

Ninakaa dawati moja na Kiranja wa darasa. Si kwa hiari yangu. Shangazi yake ndiye Msimamizi wa Jukwaa, anayefuta matusi na kufungia wakorofi, kwa hiyo Kiranja huongea juu ya Jukwaa kana kwamba alilizaa yeye. Leo nilijisahau nikamweleza utafiti wangu. Alicheka hadi akashika dawati. Akasema wewe, unaishi wapi? Pale Jukwaani, kidole gumba hakina maana ya kukubali. Kina maana ya nimepita, nimesoma, nakusalimu. Ni utaratibu wao tangu mwanzo. Ukisoma bandiko la mtu ukaondoka bila kuacha kidole, ni sawa na kupita mlangoni kwa mtu bila hodi wala salamu, na watu hukasirika, wengine hununa wiki nzima. Akaniambia nikaangalie mwenyewe.

Nimeangalia. Kweli. Mama mmoja alitangaza kwamba paka wake amekufa. Ana vidole gumba vingi kuliko kiumbe yeyote mwezi huu. Tangazo la kukatika kwa maji linamfuata.

Nilikuwa nimepima adabu. Jukwaa lina adabu nyingi, tena za pande zote mbili. Ni ugunduzi pia, lakini hautamrudisha Mjomba mezani.

Jumamosi, 9 Mei

Nimepata njia bora. Nitawauliza watu moja kwa moja. Ila muulizaji lazima awe mtu asiye na upande, anayeheshimiwa, ambaye hakuna atakayemjibu ovyo. Nikafikiria nani. Nikamwona.

Ni bibi. Anaishi peke yake ghorofa ya tatu. Mapazia meupe, sakafu baridi, kiti kimoja karibu na dirisha. Zamani alikuwa opereta wa simu, yule aliyeunganisha nyaya ili mtu wa hapa asikilizane na mtu wa kule. Maisha yake yote alishika sauti mbili mikononi na hakusikiliza hata moja kwa upendeleo. Nilimwona vizuri mno hata nikasikia harufu ya sabuni yake. Mama aliniita mara nyingi nimletee uzi mweusi, nikamletea mweupe.

Akaunti: Bibi wa Ghorofa ya Tatu. Bandiko lake la kwanza: Wajukuu zangu, macho yangu yamechoka lakini masikio yangu bado. Hebu nielezeni taratibu, hili Jukwaa letu limeegemea kushoto au kulia?

Majibu yamemiminika kama bomba lililopasuka. Wote wamempa shikamoo kwanza. Muuza mbao akasema limeegemea kushoto, Bibi, hadi mtu mwenye duka anaogopa kusema ana duka. Kondakta akasema limeegemea kulia, Bibi, humu ukitaja haki ya mfanyakazi unaulizwa umesoma wapi. Mmoja akasema limeegemea kwa Msimamizi. Bandiko hilo likafutwa.

Nimechora mstari katikati ya karatasi na kuwapanga. Waliosema kushoto, wote wenyewe ni wa kulia. Waliosema kulia, wote wenyewe ni wa kushoto. Karatasi imenitazama nami nikaitazama.

Jumapili, 10 Mei

Mjomba hakuja. Mama amefunika sahani.

Lakini mchana, Baba amelala na Mama akipiga pasi nguo ya mteja, nilifungua simu nikakuta Bibi ametumiwa ujumbe wa faragha. Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa Mshale Mrefu. Ameuandika mrefu, bila kosa hata moja, kama anavyofanya kazi zake. Anamwomba Bibi aamue kati yake na shemeji yake kuhusu jambo hili la mrengo. Kisha akaandika: Bibi, tangu aondoke, nyumbani hakuna tena mtu wa kuniambia nimekosea. Mke wangu hunikubalia haraka haraka ili aendelee kushona. Nikisema jambo, linabaki limesimama palepale chumbani, hakuna wa kulisukuma.

Nilimtazama Baba kochini. Mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia.

Ujumbe wa pili ulikuwa wa Bendeji. Naye anaomba Bibi aamue. Naye ameongeza: Bibi, hospitalini nimebisha hodi kwenye milango ya kila aina, hata ile ambayo nyuma yake kuna habari mbaya. Mlango wa shemeji yangu peke yake umenishinda. Namaliza mwezi huu nahama. Lakini mimi si wa kwanza kukosea, kwa hiyo mimi si wa kwanza kwenda.

Nilikaa na simu mapajani. Pasi ya Mama ilikuwa ikipumua mvuke. Nilijiona nimekaa ghorofa ya tatu, nyaya mbili mkononi, na kilichobaki ni kuzigusanisha tu.

Jumanne, 12 Mei

Nilifikiri siku nzima jana namna ya kuwajibu. Kumwambia mmoja amekosea ni ukatili, hasa ukiwa bibi. Kwa hiyo nilimwandikia Baba: Mjukuu wangu, uko sahihi kabisa. Na Mjomba nikamwandikia: Mjukuu wangu, uko sahihi kabisa. Nilidhani kila mmoja, akisharidhika moyoni, atakuwa na nafasi ya huruma kwa mwenzake. Ni saikolojia.

Sikutegemea watabandika hadharani.

Asubuhi, kabla sijavaa viatu vya shule, Mshale Mrefu alikuwa ameshaweka jibu la Bibi mbele ya Jukwaa zima, na maneno yake chini: Mwenye masikio na asikie. Nilipotoka shule, Bendeji naye alikuwa ameweka la kwake. Chini yake: Wazee wetu bado wana akili, asanteni.

Sasa Jukwaa linawaka. Muuza mbao anasema Bibi ni wakala wa kushoto aliyejifanya mpole. Kondakta anasema Bibi ni wa kulia, tena ghorofa hiyo ya tatu ni yake na anapangisha. Mtu mmoja anasema amewahi kumwona, ana gari. Msimamizi ametaka Bibi ajitokeze athibitishe kwamba ni mtu. Ila wote, hata wanaomtukana, wamemwachia vidole gumba. Hilo limenipa nguvu.

Jumatano, 13 Mei

Nilimwuliza Mwalimu wa Uraia, kana kwamba ni swali la mtihani, inawezekanaje watu waone mahali pamoja pameinama pande mbili. Alifuta ubao muda mrefu. Akasema huenda kila mtu hupima mwinamo kuanzia pale aliposimama yeye mwenyewe, na mtu akiupenda sana upande wake, hata katikati huiona mbali. Nililiandika hilo kwa kalamu nyekundu, nikalipigia mstari kwa rula. Ni maneno mazuri. Sijui yatanisaidia wapi.

Kiranja naye amezidi. Anasema shangazi yake amegundua kitu: huyo Bibi hunyamaza saa za masomo. Huandika asubuhi kabla ya kengele, akapotea, akarudi alasiri. Akaniuliza ni bibi gani huyo mwenye ratiba ya shule. Nikasema labda ni usingizi wa wazee. Akanitazama. Nikatazama ramani ukutani.

Lazima niharakishe.

Alhamisi, 14 Mei

Mpango wa mwisho, na ulio bora kuliko yote. Bibi amemwandikia kila mmoja kwa siri kwamba anataka kuonana naye ana kwa ana. Jumamosi alasiri, bustani ya manispaa, benchi lililo mbele ya lile bwawa dogo la saruji lisilo na maji. Aje peke yake. Bibi atakuwa amejifunga mtandio wa bluu. Hili la mtandio niliongeza kwa sababu mwaliko usio na alama hauaminiki.

Bibi hatakuja, bila shaka. Watakutana wao. Watatazamana. Nimeona tukio lote nikiwa kwenye kipindi cha hesabu: jua limelala kwenye majani, Baba anainuka, Mjomba ananyoosha mikono, hakuna anayesema kitu, na mimi kwa mbali kidogo nimesimama tu, upepo ukichezea sketi yangu. Mwalimu wa Hesabu aliniuliza jibu. Nikasema shemeji. Darasa zima likaanguka chini.

Ijumaa, 15 Mei

Baba amempa Mama shati lake la sherehe alipige pasi. Mama akamwuliza kuna harusi gani. Baba akasema anakwenda kuangalia saa ya ukutani ya mteja mmoja mzee. Mama akasema saa hiyo lazima iwe nzuri sana, maana kwake yeye hajawahi kuvaliwa shati hilo Jumamosi. Baba akajifanya anatafuta viatu.

Jumamosi, 16 Mei

Niandike kila kitu kabla hakijafifia.

Niliwahi. Nilijificha nyuma ya ubao mkubwa wa mwekezaji, ule uliochorwa bustani mpya yenye geti, na ndani yake watu weupe kama karatasi ambao mchoraji hakuwamalizia nyuso. Baba alifika wa kwanza. Akafuta benchi kwa leso, akakaa mwisho kabisa. Mjomba akatokea upande wa pili, naye kanyoa, kavaa koti. Akamwona Baba. Akasita. Nikabana pumzi.

Hakuna aliyenyoosha mikono. Mjomba akakaa mwisho mwingine wa benchi. Kila mmoja akatazama mbele, kwenye bwawa kavu, kama abiria wanaosubiri kitu ambacho hakiji. Kila mmoja alidhani mwenzake yupo pale kwa bahati mbaya. Baba akatazama saa. Mjomba akakohoa. Hivyo tu. Nikaona wiki mbili nzima zinaniponyoka.

Hapo akaja ajuza. Wa kweli. Amejifunga mtandio wa bluu.

Naapa simjui. Alikuja taratibu na mfuko wake wa karanga, akafika kwenye benchi, akakaa katikati yao bila kuuliza. Wote wawili waliruka wima. Wakampa shikamoo kwa pamoja. Akawaitikia marahaba, akaendelea kubangua karanga.

Baba akasema Bibi, nimeitika wito. Mjomba akamgeukia akamwuliza wito gani, wakati Bibi kaniita mimi. Wakaanza. Huyu anasema kaandikiwa yeye, yule anasema kaandikiwa yeye, wakamwekea ajuza simu mbili usoni. Ajuza akazisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono. Akasema miwani kaiacha nyumbani, na kama ni habari za mirathi wamekosea mtu. Lakini kama kuna kitu cha kusoma, wasome, yeye hana haraka, anaota jua.

Baba akasoma: Mjukuu wangu, uko sahihi kabisa. Mjomba akasoma: Mjukuu wangu, uko sahihi kabisa. Ajuza akatafuna kwanza. Akasema huyo aliyewaandikia ni mtu mmoja anayewapenda na anayewadanganya, na wao waliandika nini hata wakahurumiwa hivyo? Hebu wasome walichoandika.

Hakuna aliyetaka. Ajuza akasema basi wamwondokee, wanamzibia jua.

Baba akasoma. Sauti yake ya dukani, ile ya kuhesabu meno ya gurudumu. Alipofika pale pa kwamba nyumbani hakuna mtu wa kumwambia amekosea, alisoma upesi, kama anayevuka barabara. Mjomba akawa anatazama viatu vyake. Kisha naye akasoma. Alipofika kwenye mlango wa shemeji, akasimama. Akasema hapa pana kosa la uandishi. Ajuza akamwambia asome na kosa lake. Akasoma.

Majani yalikuwa yakianguka ndani ya bwawa moja moja. Ajuza akauliza, sasa huyo shemeji anayetajwa humu ni nani? Wakatazamana. Kweli walitazamana. Baba akasema, ni huyu. Mjomba akasema, ni huyu. Ajuza akasema haya, amewaona, wakae vizuri basi, wamemchosha shingo.

Wakakaa. Baada ya kitambo Mjomba akamwuliza ajuza, kwa heshima zote, kama yeye mwenyewe ni wa mrengo wa kushoto au wa kulia. Ajuza akasema tangu azaliwe hajawahi kuulizwa, na angefurahi kulifikiria jambo hilo kama wangemwachia benchi.

Wakamwachia. Walipopita karibu na ubao wangu, Baba alikuwa akisema shemeji, hapa tumechezewa na mtu mjanja sana, na huyo mtu ni wa kushoto, hilo halina ubishi. Mjomba akasema shemeji, kwa taarifa yako, huo ni mtego wa huyo mwekezaji, kulia mtupu. Wakaenda hivyo, sauti zikipanda, bega kwa bega, upande wa nyumbani.

Jumapili, 17 Mei

Mjomba alifika hata maji ya kupikia hayajachemka. Hakubisha hodi, aliingia tayari akiwa katikati ya sentensi. Baba akamjibu kutoka chumbani kabla hajamaliza. Wamebishana wakati wa kunawa, wakati wa kula, na wakati ambao kwa kawaida Baba hulala. Baba ana ushahidi kwamba Bibi ni kikosi kizima cha watu wa kushoto wanaopokezana zamu. Mjomba ana ushahidi kwamba Bibi amelipwa. Wanakubaliana jambo moja tu: adui huyo hana huruma na lazima asakwe. Wameandika pamoja malalamiko kwa Msimamizi. Ni bandiko lao la kwanza kusainiwa na wote wawili. Baba ndiye aliyerekebisha nukta, Mjomba ndiye aliyeongeza ukali.

Mama alikuwa akiondoa vyombo mezani na kuimba kwa pua. Alipopita nyuma ya kiti cha kaka yake aliweka mkono begani kwake, akauondoa. Uhamisho uko palepale. Lakini Baba amesema atamsindikiza hadi kituoni na sanduku atalibeba yeye, kwa kuwa watu wa serikali hawajazoea mizigo. Mjomba akasema atakubali, ili mfanyabiashara ajue uzito wa mali ya mwenzake.

Nilifungua mdomo nikiri. Mjomba akanitazama, akasema mpwa wangu, wewe una akili, hebu sema, nani anaweza kuwa na moyo mbaya kama huyo Bibi? Nikafunga mdomo. Nikala.

Jumatatu, 18 Mei

Akaunti ya Bibi imefungiwa. Tangazo la Msimamizi limepata vidole gumba vingi sana. Nilifika hapo nikaacha cha kwangu, kwa jina la Mgawaji. Ilikuwa kama kuweka ua.

Kiranja alinijia akinong'ona kwamba mhusika amejulikana: ni mwanafunzi. Akasema ni yule msichana wa darasa la jirani anayesomewa insha zake mbele ya shule, maana Kiswahili cha Bibi ni kizuri mno, hakiwezi kutoka darasani kwetu. Nimekaa na maneno hayo hadi kengele ya mwisho. Sijui kama nimewahi kusifiwa na kutukanwa kwa kiwango hiki kwa mpigo.

Jumanne, 19 Mei

Jioni hii Baba na Mjomba wako kwenye simu. Baba anatembea huku na huku uani, mkono nyuma, kivuli chake kinamfuata ukutani kikiwa kirefu na kimetulia. Anasema hapana, hapana, hapana, kwa furaha.

Ila nimepita Jukwaani, na moyo umeniuma. Kuna uzi mpya wa mjadala, mrefu, na kichwa chake ni: Bibi alikuwa wa kushoto au wa kulia? Nusu wanasema hivi, nusu wanasema vile. Hakuna anayemtetea. Bibi, aliyeshika sauti mbili maisha yake yote asipendelee hata moja, ameachwa hivyo hivyo, na dirisha lake wazi. Si haki. Tena ni swali dogo, linaloweza kujibiwa kisayansi kwa siku chache, kukiwa na mtu mmoja tu wa kuaminika anayemfahamu.

Nimemwona. Ni babu. Anaishi ghorofa ya pili, chini tu ya Bibi, na husikia nyayo zake. Zamani alikuwa rubani wa ndege ndogo, mtu aliyezoea kuona pande zote kwa wakati mmoja. Hana upande wowote. Akaunti yake imefunguka bila tatizo, na kesho kabla ya kengele atatoa ushahidi.

Mwalimu wa Uraia hutuambia kila jaribio lituachie funzo, na mimi langu nimeliona vizuri. Kosa lilikuwa moja tu. Bibi mmoja alikuwa mchache.